Linux gani kwa kompyuta ya sebuleni?

Ile desktopu yetu ya sebuleni hapa Nkuhungu, Dodoma, ina RAM ya GB 4 na haina SSD (ile diski ya kisasa yenye kasi), yaani unaiwasha, unaenda kubandika chai, unarudi bado inajifikiria. Windows 10 nayo waliacha kuisapoti tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0, kichipu cha usalama ambacho mashine yetu haina hata harufu yake. Jamaa mmoja wa duka la vifaa akaniambia kaka nunua nyingine tu. Kwa hela ipi, na ada hizi za Januari?

Basi Linux, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows. Shida yake sio kuipata, ni kuchagua, ziko utitiri na kila mtu anasifia yake kama anauza zabibu stendi. Mi nilikuwa na swali moja tu: mama watoto akiifungua nikiwa kazini, atanipigia simu? Ubuntu naipenda, jina lenyewe la kibantu na mwanzilishi wake Mark Shuttleworth ni msauzi, ila toleo la 24.04 wanashauri RAM kuanzia GB 4, maana yake sisi tungeingia tukiwa mkiani. Nikaangukia Linux Mint, ile yenye muonekano mwepesi uitwao Xfce. Imejengwa juu ya Ubuntu hiyohiyo ila nyepesi, na menyu iko kulekule chini kushoto kama Windows 10.

Nikashusha kwa bando la usiku, faili linakaribia GB 3, nikaliandika kwenye flashi kwa Etcher, programu ya kuifanya flashi iweze kuwasha kompyuta (mara ya kwanza nilikopi na kupesti tu nikashangaa haiwaki, msinicheke). Sasa sikia, usikimbilie kuinstoli. Inawaka hukohuko kwenye flashi bila kugusa diski, kwahiyo jaribu sauti, jaribu printa, jaribu waifai. Kwangu waifai haikuonekana kabisa, jasho likanitoka, nikachomeka simu kwa waya wa USB nikaipa intaneti ya simu, nikafungua Driver Manager, ikaleta draiva (programu ya kuendesha kifaa cha waifai), ikakubali. Ningeinstoli kichwakichwa ningeshamtukana yule pengwini wa nembo ya Linux bure. Na picha zenu hamisheni kwanza, ukichagua kufuta diski inafuta kweli.

Siku ya tatu mama watoto akauliza Word iko wapi, nikamwonyesha LibreOffice Writer, akaandika barua ya kikoba, akaseivu kama faili la Word (docx), akaprinti. Simu hajapiga. Aliyenuna ni wa pili wetu, gemu lake halifunguki na dawa yake mpaka leo sijaipata.