Jinsi nilivyompatia chatu wangu joto salama katika kasha la kujitengenezea, Bukavu

Bukavu, mashariki mwa Kongo, iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mtu yeyote aliyelala hapa mwezi wa Julai anajua kwamba blanketi moja halitoshi. Chatu ninayemfuga ni wa aina ya Python regius, yule mfupi mnene ambaye kwa asili huishi katika nyanda zenye joto kuanzia Senegali hadi Uganda, na ambaye akiogopa hujikunja na kuficha kichwa katikati ya mwili wake. Niliachiwa na rafiki aliyehama mji, pamoja na karatasi zake, kwa sababu chatu wote wamo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, na si busara kukaa na mmoja bila maandishi. Kwa kuwa nyoka hawezi kujitengenezea joto la mwili, yeye hulitafuta nje: chatu wa aina hii anahitaji upande mmoja wa kasha uwe na nyuzi 31 au 32, upande wa pili 25 au 26, na usiku joto lisishuke sana chini ya 22. Akikosa joto baada ya kula, chakula huchacha tumboni badala ya kumeng'enywa, naye hukitapika.

Vifaa vinavyouzwa Ulaya kwa kazi hii havipatikani katika maduka ya hapa, na hata vingepatikana, vimetengenezwa kwa ajili ya nyumba ambazo umeme wake hautetereki. Kwetu umeme hukatwa saa yoyote, hurudi ukiwa na nguvu kupita kiasi, na jioni wakati kila nyumba inapika hushuka hadi taa zikawa njano. Kwa hiyo kabla ya kununua hata msumari mmoja niliamua jambo ambalo liliongoza kazi yote iliyofuata: kila kitu kitakachoharibika katika kasha hili lazima kiharibike kwa kuleta baridi, kamwe kisiharibike kwa kuleta moto. Chatu mzima aliyepoa usiku mmoja ataamka mzito na kurudia hali yake akipata joto, lakini aliyefungiwa ndani ya kasha lenye nyuzi 40 hana pa kukimbilia, na hufa kwa muda wa saa chache tu. Tena nyoka hana tahadhari ya haraka dhidi ya kitu cha moto kinachogusa ngozi yake. Anaweza kubaki juu ya jiwe linalopashwa moto kwa umeme au kujizungusha kwenye taa huku magamba ya tumbo yakiungua.

Mama mkwe, alipoona ninapimapima mbao, alinishauri kwa nia njema: «Mwanangu, si uweke tu mbabula karibu na hilo sanduku, kama tunavyofanya kwa vifaranga?» Nilimjibu kwa heshima kwamba makaa yanayowaka katika jiko hilo la mbabula ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi, ambayo imeua familia nzima zikiwa usingizini. Mbabula haikuingia katika chumba kile, na hata kwa vifaranga ningependa watu waiache.

Kasha lenyewe nililichongesha kwa mbao za tripleksi (plaiwudi) za milimita 15, urefu sentimita 110, upana 45 na kimo 45, likiwa na kioo cha kuteleza mbele. Nilikataa mbao za msaiprasi ingawa ni rahisi kupatikana, kwa sababu harufu ya mafuta yake si nzuri kwa mapafu ya wanyama wa jamii hii. Varnishi iliachwa ikauke mpaka pua isipopata chochote hata ukiingiza kichwa ndani. Nje ya kasha, mgongoni, ubavuni, juu na chini, nilibandika frigoliti, ile nyeupe nyepesi inayofungashiwa televisheni, kwa unene wa sentimita 3. Ikae nje ya mbao tu: hushika moto kwa urahisi sana na moshi wake ni sumu.

Sentimita 20 za upande wa kushoto nilizitenga kwa wavu wa chuma kuanzia sakafuni hadi darini, zikawa chumba cha joto ambacho nyoka hawezi kukifikia. Wavu uko mara mbili, nyavu hizo mbili zikiwa zimeachana kwa upana wa kidole gumba, na matundu yake hayapitishi hata ncha ya kidole kidogo. Kingo zote zilipigwa tupa, maana chatu usiku husugua pua yake penye kila upenyo. Chumba hicho kina mlango wake mdogo ubavuni mwa kasha, nacho kimefunikwa ndani kwa bati lililounganishwa na waya wa ardhini.

Chanzo cha joto ni taa mbili za kawaida za nyuzi za chuma, za wati 60 kila moja, katika soketi za kauri, kwa kuwa soketi za plastiki hulainika na kupasuka. Zimefungwa kwa mfululizo badala ya sambamba, yaani umeme hupita katika ya kwanza ndipo uingie ya pili. Fundi niliyemwita kutoka mtaa wa Kadutu aliziangalia zikiwaka rangi ya chungwa iliyofifia, akacheka: «Mzee, taa hizi zimekufa nusu!» Nusu hiyo ndiyo niliyoitaka. Kila taa hupata volti 110 badala ya 220, na zote mbili kwa pamoja hutumia takriban wati 40 tu, mwanga wake hauwezi kumsumbua mnyama anayetembea usiku, kioo chake hakifiki ule umoto wa taa iliyowashwa kikamilifu, na nyuzi zake hudumu muda mrefu mno kwa sababu hazichoshwi. Umeme ukirudi kwa kishindo, zina nafasi ya kuuvumilia. Na moja ikiungua, nyingine huzimika nayo, hivyo kasha hupoa polepole, kama nilivyokusudia.

Kwa wati 40 na volti 220, umeme unaopita haufiki hata robo ya ampea, kwa hiyo nilitia fyuzi ya ampea 1 kwenye waya wa kuingilia. Kuhusu waya, nawaomba wasomaji wasione haya kukwangua ncha yake kwa kisu dukani kabla ya kulipa: ukiona weupe chini ya wekundu, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, nayo hupata moto kwenye viungo na kulegea.

Themostati, yaani kifaa kinachowasha na kuzima taa chenyewe kulingana na joto, ni ya aina ya STC-1000, ile ndogo nyeusi ya kutia katika paneli, inayotumiwa pia na watengenezaji wa mashine za kutotolea mayai. Niliiwekea nyuzi 32 na tofauti ya nyuzi 1, kwa hiyo huwasha ikifika 31 na kuzima ikifika 32. Ili kujua kama inasema kweli, nilitumbukiza kihisio chake katika kikombe cha barafu iliyopondwa na maji kidogo, barafu niliyoinunua kwa mama anayeuza soda barabarani, nikakoroga na kungoja, kisha nikarekebisha mpaka isome sifuri. Wengine hupima kwa maji yanayochemka, lakini Bukavu maji huchemka yakiwa karibu nyuzi 95 kwa sababu ya mwinuko, na anayeamini kwamba ni 100 atajidanganya kwa nyuzi 5.

Kihisio kimefungwa kwa bano za chuma ukutani upande wa joto, kwenye kimo cha mgongo wa nyoka, ndani ya bomba fupi lenye matundu. Kikiachwa kining'inie, nyoka atakisukuma hadi upande wa baridi, themostati itadhani kasha lote limepoa, na taa hazitazimika tena. Upande wa pili kuna kipimajoto cha peke yake kisichohusiana kabisa na themostati. Viwili vinavyotegemea chombo kimoja ni sawa na kimoja.

Sasa nifike kwenye jaribio ambalo naliona kuwa kiini cha usalama wote, na ambalo mafundi wengi hulipuuza. Themostati huwasha na kuzima kwa kiungo kidogo cha chuma ndani yake, na kiungo hicho kikizeeka huweza kugandamana kikiwa kimewasha. Siku ya aina hiyo themostati ni pambo tu. Kabla ya kumwingiza nyoka, niliondoa themostati kabisa, nikaunganisha taa moja kwa moja na umeme, tena mchana wa jua kali, chumba kikiwa na nyuzi 26 chini ya mabati. Joto lilipoacha kupanda, penye joto zaidi palisoma 36 na mwisho wa kasha 29. Nyuzi 36 si mahali pa kumweka chatu, ila yule aliye na mwisho wa 29 na bakuli la maji atajivuta huko na kuokoka. Kama ningetia taa ya vifaranga ya wati 250, kama nilivyoshauriwa na muuzaji mmoja, ningekuwa nimeoka nyoka.

Bei ya uamuzi huo ni kwamba usiku wa baridi, chumba kikiwa na nyuzi 19, upande wa joto haupiti 29 na upande wa pili hukaa 22. Naikubali bei hiyo, kwani hata porini usiku huwa na baridi kuliko mchana. Ninamlisha tu wakati ambapo upande wa joto umeshika nyuzi 31 tangu asubuhi na hakuna tangazo la delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu.

Umeme unapokatwa, kazi huhamia kwenye mabidoni, yaani madumu ya maji ya moto. Bidoni la lita 5 lenye maji ya nyuzi 50, likipoa hadi 30, hutoa joto la saa za wati zipatazo 116, ambalo ni karibu saa tatu za taa zangu. Mawili hukaa vizuri kwenye sakafu ya chumba cha joto, chini ya taa, na huingizwa kwa mlango wa ubavuni bila kumgusa mnyama. Maji yachanganywe na ya baridi kwanza, kwa sababu yakimiminwa yakichemka bidoni hulegea na kifuniko huvuja. Ninayazungushia kitambaa kizito ili yatoe joto taratibu, na kioo cha mbele, ambacho ndicho kinachopoteza joto kuliko sehemu nyingine zote, hufunikwa kwa blanketi, nikiacha wazi matundu ya hewa. Nilifikiria pia betri ya sola yenye inveta, lakini usiku mmoja wa saa kumi kwa wati 40 ni saa za wati 400, ambazo humaliza sehemu kubwa ya betri ninayoitegemea kwa taa za watoto na simu.

Kwa miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, blanketi hubaki juu ya kioo kila usiku hata umeme ukiwepo, na bakuli la maji huwa kubwa zaidi, kwa sababu hewa hukauka na ngozi ya chatu hutoka vipande vipande unyevu ukipungua. Mara kwa mara nazima swichi kuu, nafuta vumbi kwenye taa, nakaza skrubu za soketi na kugusa waya kwa mgongo wa mkono punde tu baada ya kuzima. Ukiwa na uvuguvugu, fundi anaitwa kabla ya kitu kingine chochote. Kufuli la kioo hukaguliwa kila jioni, kwa ajili ya watoto wa jirani kuliko kwa ajili ya nyoka.