Swali la mama mkwe

Umeme ulirudi Ijumaa mchana, nyumba imeshapata joto, watoto wameshasahau. Mimi bado ninatembea na sentensi moja. Nimeosha vyombo nayo, nimewalisha nayo wazee ninaowatunza kazini, na Jumapili kanisani niliisikia juu ya sauti ya kwaya. "Kwa hiyo mimi nilikuwa namuua?" Ndivyo mama mkwe alivyoniuliza kwa simu, kutoka Njombe, na kabla sijafungua mdomo simu ikazima.

Wiki yenyewe ilikuwa na mambo mazito zaidi. Barua ya mume wangu, Baba Neema, ya kuitwa kuapa uraia hatimaye imefika, yule bibi wa chumba cha pembeni kazini niliyekuwa nikiwaandikia habari zake ametutoka usiku wa kuamkia Alhamisi, na barabara kuu ya Trans-Canada ilifungwa pande zote mbili, ya kwenda Winnipeg na ya kwenda Saskatchewan, mji wetu wa Brandon, hapa Manitoba, Kanada, ukabaki peke yake. Hayo yana siku yake. Leo siwezi kuandika kingine ila mkaa.

Ilianza kama mvua, Jumanne usiku. Mlioko nyumbani mtashangaa nikisema kwamba mvua ya Machi huku inatisha kuliko theluji. Inashuka ikiwa maji, lakini hewa ya chini na kila kilichoko ardhini ni baridi kupita kiasi, kwa hiyo tone likigusa waya, tawi au kitasa cha mlango linaganda hapo hapo. Theluji kavu upepo unaipeperusha. Barafu inang'ang'ania, na kila tone linaongeza juu ya lililotangulia. Nilipotoka kuangalia gari, kamba ya kuanikia nguo ilikuwa na unene wa kidole gumba, ngumu, inang'aa, na ukiitazama kwa karibu unaiona kamba yenyewe katikati, nyembamba, imefungiwa ndani. Nikajua tumekwisha.

Kisha upepo ukageukia kaskazini-magharibi. Tambarare hii haina mlima wala msitu wa kuuzuia. Nyaya za umeme zikaanza kuchezacheza, zinapanda na kushuka pamoja na mzigo wake wa barafu, na mvua ikageuka theluji ya kwenda mlalo. Idara ya hali ya hewa ya Kanada haiiti dhoruba ya theluji mpaka upepo ufike kilomita 40 kwa saa na mtu asione zaidi ya mita 400, hali hiyo idumu saa nne. Sisi hatukuiona nyumba ya jirani. Karibu na alfajiri ya Jumatano mwanga wa buluu iliyochanganyika na kijani ukapiga dirishani, mara moja, bila radi, kutoka kwenye transfoma ya mwisho wa mtaa. Feni ya hita ikanyamaza.

Hita yetu inatumia gesi, na gesi haikukatika. Ila feni inayosukuma joto vyumbani, na kile kiwashio chake, vyote vinataka umeme. Gesi ipo, mabomba yapo, nyumba inapoa.

Tulivumilia mchana kutwa. Marafiki wa ng'ambo ya Mto Assiniboine nao walikuwa gizani, kwa hiyo hapakuwa na pa kukimbilia. Saa nne usiku, kwao ikiwa alfajiri saa kumi na mbili, Baba Neema akampigia mama yake, akaweka sauti ya juu ili wote tusikie. Simu ilikuwa na chaji kidogo, na baridi nayo inanyonya betri.

"Kamwene."

"Kamwene, mama."

Akaambiwa umeme umekatika. Swali lake la kwanza: "Maji ya bwawa yamepungua?" Mtu aliyepitia mgao wa umeme wa 2006, bwawa la Mtera likiwa limepungua maji kupita kiasi, anajua kwamba giza huanzia kwenye maji. Mume wangu akamweleza kwamba mabwawa yetu yako mbali kaskazini, kwenye Mto Nelson, na maji yamejaa tele, ni nyaya tu zilizoangushwa na barafu. "Nyaya tu? Basi wataunga." Nilifurahi aliposema hivyo, kwa sababu ndivyo ilivyo.

"Na wajukuu wangu wamelala na joto gani?"

"Ndani ni nyuzi 12, mama. Inashuka."

Akanyamaza. Halafu: "Mkaa hamna?"

"Upo." Upo kweli, mfuko mzima, uko gereji pamoja na jiko la kuchomea nyama tunalotumia kiangazi.

"Sasa?"

Baba Neema akanitazama. Alikuwa ameshalitaja jambo hilo mchana na nilikuwa nimeshakataa. Nikaona nisimwachie yeye mzigo wa kumkatalia mama yake. Nikasogea. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mama Neema."

"Mama, mkaa ndani ya nyumba hizi ni hatari. Unaua."

"Unaua?"

"Ndiyo, mama."

"Huyo mumeo hapo nimemlea kwa mkaa. Juni, Julai, umande umeganda juu ya viazi shambani, yeye na ndugu zake wamelala jiko liko miguuni. Kwa hiyo mimi nilikuwa namuua?"

Na simu ikazima.

Ningejibu nini? Nimejibu tangu siku ile kwa njia zote. Nimejibu kwa upole, nimejibu kwa kirefu, nimejibu kwa sauti peke yangu ndani ya gari. Ninayarudia mapumziko yake. Aliposema "Unaua?" alisubiri kidogo, nami nikajaza nafasi ile kwa "Ndiyo". Hakusema jina la mwanawe, alisema "huyo mumeo hapo". Ninapima kama ilikuwa hasira au ni hofu, maana kwa simu ya mbali vyote viwili vinasikika sawa. Neno "unaua" silirudishi. Ningekuwa nimeulizwa tena sasa hivi ningelisema tena. Lakini mama yule alizika mume mapema akalea watoto kwenye baridi ya Njombe kwa mkaa wa miwati na mikono yake mwenyewe, na usiku mmoja mkwe wake anamwambia kitu alichowakingia watoto ni kitu cha kuua. Halafu kimya. Anabaki ameshika simu yenye kimya.

Sababu yangu ni hii, na ninaiandika kwa ajili ya yeyote anayesoma akiwa kwenye nyumba za huku. Mkaa ukiungua hutoa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Ikiingia kwenye damu inashikamana na himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo unapumua na mwili haupati kitu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi. Nyumba hizi zimejengwa zisivuje hewa kabisa: kuna karatasi ya nailoni ndani ya ukuta, madirisha ya vioo viwili au vitatu, mpira kuzunguka kila mlango. Kinachozuia joto lisitoke kinazuia na sumu isitoke. Baba Neema alisema tuliingize jiko kwa moto mdogo tu, yeye atakaa macho. Nikamwambia anayekaa macho ndiye anayeivuta. Akaelewa, lakini alikwenda kusimama mlangoni mwa gereji muda mrefu, na sikumfuata. Nilipanda kiti, nikabonyeza kitufe cha kujaribia kile king'ora cha kwenye dari ya korido, cha betri, kinacholia gesi hiyo ikiwamo ndani. Kikalia, watoto wakashtuka, nami nikashusha pumzi.

Basi tukaishi kwa namna nyingine. Magodoro yote chumba cha Neema, blanketi kwenye mlango, kofia kichwani, mabomba yakiachwa yadondoshe maji kidogo kidogo yasigande yakapasuka. Maziwa na nyama tuliweka kwenye ndoo, ndoo tukaizika kwenye theluji. Chai ilipikwa nje. Nje kulikuwa na nyuzi 14 chini ya sifuri na kwa upepo ule mwili unahisi 29, kiasi ambacho ngozi iliyo wazi inaweza kuganda kabla ya nusu saa. Baba Neema alipiga magoti kwenye ngazi za nyuma na lile jiko dogo la gesi la safari, mgongo wake ndio ukuta, mpaka sufuria ikachemka. Alhamisi nikaenda kazini, ambako jenereta ilikuwa inanguruma na wazee wako kwenye joto, nikakuta kitanda cha bibi yule kimeshatandikwa upya. Nikarudi nyumbani jioni, ndani nyuzi 8.

Usiku ule ndipo mambo yalipogeuka. Watoto walikuwa wamelala, sisi tumelala katikati yao tukitazama dari tusiyoiona, na Baba Neema akaanza kuongea mwenyewe. Nadhani ni baridi iliyomrudisha kwao. Akasema mama yake alikuwa na jiko moja la bati, mguu mmoja umepinda. Hakuwahi kuliwasha ndani. Aliliwasha nje, penye upepo, akilipepea kwa kipande cha katoni, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuligusa mpaka makaa yote yawe mekundu, hakuna jeusi, hakuna moshi. Ndipo anaingiza. Na mlango haukufungwa wote. Palikuwa na jiwe la kuuzuia, kazi yake hiyo tu, na aliyelisogeza alichapwa.

"Usiku je?" nikamuuliza.

"Usiku analitoa. Tukishalala. Nilikuwa nalisikia, ule mguu uliopinda unakwaruza sakafu, halafu baridi inaingia. Nilikuwa naichukia ile dakika kuliko kitu chochote."

Nikaketi. Nilimwamsha karibu kila mtu. "Analitoa? Kila siku?"

"Kila siku. Analifunika majivu huko huko nje."

"Mbona jana hukusema?"

"Nilikuwa sijakumbuka. Nilikumbuka joto tu."

Nilicheka, jamani. Nilicheka gizani na kofia yangu kichwani mpaka Neema akauliza kuna nini. Kwa sababu jibu lilikuwa hapo. Hapana mama, hukuwa unamuua, ulikuwa unalitoa! Makaa mekundu nayo yanatoa sumu ile ile, hilo nalisema kwa wanaosoma, kilichowaokoa watoto wale si wekundu. Ni jiwe la mlangoni na ile safari ya usiku, mwanamke mmoja anaamka kwenye baridi kali, anabeba joto la nyumba yake mwenyewe analipeleka nje ili watoto waamke. Hakuwa na king'ora wala mtu wa kumweleza habari za himoglobini. Na mimi niliyekataa mkaa usiingie na yeye aliyeutoa tulikuwa tunafanya kazi moja. Sikumbuki lini nimelala vizuri vile, ndani ya nyuzi 8.

Ijumaa mchana feni ikaguruma. Niliwaona mafundi kwa macho yangu mwisho wa mtaa, mmoja juu kabisa kwenye kikapu cha winchi, anagonga barafu kwa fimbo ndefu na vipande vinaanguka barabarani vinapasuka. Mikono yao ilikuwa kwenye nyaya zile kwa upepo ule. Neema aliwapelekea chupa ya chai ya tangawizi, na ilirudi tupu.

Kitu cha kwanza nilichochaji ni simu. Nikamtumia mama ujumbe wa sauti kupitia simu ya wifi yangu. Nilimweleza jiwe, katoni, mguu uliopinda, nikamwambia kwamba nilichofanya mimi Brandon ndicho alichofanya yeye Njombe, na kwamba namshukuru kwa mume niliyenaye. Niliusikiliza mara nyingi kabla ya kuutuma.

Majibu yalikuja Jumamosi, wifi yangu ameandika: "Mama anasema kamwene. Anashukuru mmepata umeme. Anauliza kama soksi za sufu za Neema zimefika."

Basi. Hakuna mkaa, hakuna jiko. Baba Neema anasema hilo ndilo jibu lenyewe, kwamba kwao mambo yakiisha watu huulizana habari za soksi. Labda. Yeye ni mwanawe. Mimi bado ningependa kuisikia sauti yake, nijue ile "Unaua?" ilitoka wapi. Nitampigia Jumapili ijayo, simu ikiwa imejaa chaji.

Wakati huo huo kuna jambo la mtoto wangu wa mwisho. Siku zile za giza alikuwa akisoma kwa tochi, kitabu kimegusa pua, nikasema ni giza. Umeme umerudi na kitabu bado kimegusa pua. Mwalimu wake alishaandika kijikaratasi mwezi uliopita kwamba anakopi vibaya kutoka ubaoni, nasi tukamgombeza kwa uzembe. Leo jioni nimemsimamisha dirishani nikamwambia anisomee namba za gari la jirani, lililoegeshwa hapo ng'ambo ya barabara tu. Akakaza macho, akakunja uso wote, akaniuliza namba ziko wapi. Baba Neema anasema watoto wote huwa hivyo. Nimepiga simu kwa daktari wa macho, nafasi ya karibu ni baada ya Pasaka.