Maji yaliyotulia ndooni bado yachemshwe

Jana mwaloni Igombe, kituo cha wavuvi Mwanza, mama mmoja alinichotea maji ya ziwa yaliyolala ndooni. Meupe kabisa, tope limezama chini. “Kunywa mwanangu, yameshajichuja.” Nikamwomba tuyachemshe kwanza, akakubali.

Ndugu zangu, kudhani maji meupe ni salama kunanikera sana. Hata kipimo kinaweza kudanganya. Wapima maji hutafuta bakteria E. koli kama dalili ya kinyesi, lakini E. koli mara nyingi hufa mapema, hasa juani. Virusi vya homa ya ini A au rota (vya kuharisha watoto) vinaweza kudumu wiki nyingi, hata miezi, maji yakiwa ya baridi na gizani. Kwa hiyo E. koli isipoonekana, virusi huenda bado vimo. Na lile tope la chini huvikinga. Chemsha mpaka yatokote, ufunike.