Siku moja maishani mwangu: mhudumu wa ryokan, Beppu

Saa ya ukutani inasoma 5. Hapa Japani ni saa 11 alfajiri, lakini Tanga, kwa mama, ni saa 5 usiku. Japani imeitangulia Tanzania kwa saa sita, na sisi Waswahili tunahesabu saa kwa tofauti ya sita hizohizo na wenzetu, kwa hiyo mshale wa saa ya hapa siku zote unanionyesha saa ya nyumbani. Niligundua hivyo wiki ya kwanza nilipofika Beppu kusoma. Tangu hapo kila nikitazama ukutani namwona mama.

Nafanya kazi kwenye ryokan, nyumba ya wageni ya jadi, mtaa wa Kannawa. Nilianza nikiwa mwanafunzi, nikiruhusiwa saa 28 tu kwa wiki, na nilipohitimu nikabaki. Mhudumu wa vyumba huku anaitwa nakai. Mgeni anapokabidhiwa kwako, ni wako toka anavua viatu mlangoni mpaka anaondoka kesho yake.

Saa 11 alfajiri

Nafungua dirisha. Ni Februari, baridi inauma masikio, na mtaa mzima unafuka. Mvuke unatoka kwenye mabomba, kwenye mifereji, hata kwenye nyufa kando ya barabara. Harufu ni ya yai viza. Wageni wengi hukunja pua siku ya kwanza. Mimi inanipeleka Amboni, kwetu Tanga, kwenye majimoto ya salfa, bibi yangu amekaa ukingoni na kanga kaikunja juu, anajimwagia magoti taratibu. Beppu ina chemchemi zaidi ya 2,000, na hakuna mji mwingine Japani wenye nyingi kiasi hicho. Nyuma ya mji umesimama mlima Tsurumi, ambao ni volkano. Mvua inazama ardhini, inakutana na joto la chini, inarudi juu ikichemka.

Saa 12 asubuhi

Nakwenda mabafuni kumsaidia mzee wa maji. Hilo ni jina nililompa mimi mwenyewe, kwa heshima, maana hakuna anayeyajua maji haya kama yeye. Yanatoka ardhini yakikaribia nyuzi 100, na mtu hawezi kuyaingia. Njia rahisi ni kuyazimua kwa maji ya bomba, lakini mzee hataki hata kusikia. Anayapitisha juu ya matawi ya mianzi yaliyofungwa kama fagio: yanatiririka matone matone, upepo unayapoza, na yanapofika kwenye bwawa yamebaki nyuzi 42 bila kuongezwa kitu. Anapima kwa kipimajoto, kisha anatia mkono hadi kiwiko, na nimeona kwamba anauamini mkono zaidi.

Kisha tunabadilisha mapazia ya milango, yanayoonyesha bafu la wanaume na la wanawake. Bafu lililokuwa la wanaume jana leo ni la wanawake, ili mgeni wa usiku mmoja aonje yote mawili.

Saa 1 na nusu asubuhi

Kifungua kinywa: wali, samaki wa kuchoma, supu ya miso (soya iliyochachushwa), achari, na yai la majimoto. Yai hili linaniajabisha mpaka leo. Kiini kimeshika, ute bado laini kama maziwa ya mgando. Siri ni kwamba kiini huganda kwa joto dogo kuliko ute, kwa hiyo ukiliweka yai kwenye maji ya nyuzi 70 hivi kwa nusu saa, ndani hutangulia nje.

Saa 4 asubuhi

Wageni wanaondoka, na hapa ndipo ninapojisikia niko kwetu. Mama mwenye nyumba, okami, anatoka na kimono yake, sisi sote tunapanga mstari, tunainama, kisha tunapunga mikono mpaka gari linapotea kwenye kona. Hakuna anayegeuka kabla ya hapo, hata mvua ikinyesha. Nimelelewa Tanga, nimefundishwa kwamba mgeni haagwi akiwa bado kwenye kiti, anasindikizwa. Okami aliponieleza desturi hii siku ya kwanza nilimwambia, "Hii naijua."

Baada ya hapo ni usafi hadi saa 6. Mkeka wa tatami unafutwa kwa kufuata msuko wake, kamwe si kwa kuukatiza.

Saa 7 mchana

Siku ya nakai imekatwa katikati: asubuhi kazi, mchana mapumziko, jioni kazi tena. Wengine hawaupendi mpangilio huu, na nawaelewa, kwa sababu hata ukipumzika mwili unajua haujamaliza. Mimi nautumia kupika. Nyuma ya nyumba kuna chungu cha mawe kinachopata mvuke moja kwa moja kutoka ardhini. Naweka viazi vitamu, kabichi na mayai kwenye kikapu, nafunika. Viazi vinatoka vitamu, na kwa mbali vina ladha ya chumvi.

Zamani wakulima walikuja Kannawa baada ya mavuno, na mchele wao na mboga zao, wakapanga chumba, wakakaa siku nyingi wakijipikia kwa mvuke na kuoga mpaka mgongo ulainike. Hawakuja kutalii. Walikuja kujitibu uchovu wa shamba. Nikimkumbuka bibi na magoti yake, naona hakuhitaji mtu wa kumfundisha hayo.

Saa 9 alasiri

Wageni wangu wa leo wamefika: mzee na mkewe, wote wamepita miaka 70. Nawapokea viatu, nabeba begi lao mkononi, kwa sababu magurudumu hayaburutwi juu ya tatami. Mlangoni napiga magoti, nafungua mlango wa karatasi kwa hatua tatu, naingia, nainama.

Nawawekea chai ya kijani na kitamutamu kidogo cha maharage. Wengi hudhani ni takrima tu. Ni takrima, lakini pia kuna sababu: ukiingia majimoto na tumbo tupu baada ya safari unaweza kupata kizunguzungu. Kwa hiyo nangoja mpaka nione wamekula. Nawakumbusha wajimwagie maji kwanza, wajisafishe vizuri kabla ya kuingia bwawani, wasitumbukize taulo, na yule mama avue pete yake ya fedha, maana salfa itaifanya nyeusi.

Yule mama ananiuliza ninatoka wapi. "Tanzania." Mumewe anainua kichwa: "Kirimanjaro!" Hapa kahawa yetu inauzwa kwa jina la mlima, na watu wa umri wake wanaijua vizuri. Anasema aliinywa kila asubuhi kazini. Nafurahi kweli kila ninaposikia hivyo.

Kisha yukata, vazi jepesi la pamba. Nalishika mwenyewe na kuangalia mara mbili: upande wa kushoto unakuja juu ya wa kulia. Mwezi wangu wa kwanza nilimfunga mgeni mmoja bibi kizee kinyume, kulia juu. Hakusema neno, lakini uso wake ulibadilika. Okami alipita, akapiga magoti mbele yake, akamfungua, akamfunga upya, akitabasamu. Usiku ndipo aliponiambia: hivyo huvishwa maiti. Sikulala. Sasa nikimfunga mtu mikono yangu haina haraka.

Saa 12 jioni

Chakula cha jioni huja sahani moja moja, na kazi kubwa ni kujua ile inayofuata iingie lini. Ukiwahi unawaharakisha, ukichelewa samaki anapoa. Leo kuna samaki mbichi wa pwani ya Oita, mkoa wa huku, na kabosu, ndimu ya huku, ya kukamulia. Mbele ya kila mmoja nawasha kidonge cha moto chini ya chungu kidogo cha nyama. Kikizima, nyama imeiva.

Nasikiliza nje ya mlango. Kimya cha mtu anayekula na kimya cha mtu aliyemaliza havifanani, ingawa ilinichukua mwaka kuvitofautisha. Nagundua mzee hawezi kukunja goti la kushoto. Hajasema. Naleta kiti kifupi chenye mgongo, nakiweka, naendelea kumimina chai. Mkewe ananitazama tu, kisha anasema, "Oneesan, asante." Oneesan ni dada.

Saa 1 na nusu usiku

Wakiwa bado wanakula chumba cha pili, mimi na mwenzangu kutoka Nepal tunatandika magodoro ya futon. Mto hauelekezwi kaskazini, kwa sababu ndiko kichwa cha marehemu kinakoelekezwa. La mzee naliweka karibu na mlango wa choo, na naongeza godoro la pili chini ili asihangaike kuinuka.

Saa 4 usiku

Wageni wamelala. Sasa zamu yetu kuoga. Kuvua nguo zote mbele ya wanawake wengine lilikuwa jambo zito kwangu. Nimekulia mahali ambapo hata dada zangu hawakuniona hivyo. Wiki tatu nilioga peke yangu chumbani. Siku ya nne ya wiki ya nne miguu iliuma hata ngazi ilinishinda, nikaingia. Hakuna aliyenitazama. Mama wa jikoni alinisogezea ndoo, akaniachia nafasi, akafumba macho.

Natoka nikiwa mwekundu viganjani, nampigia mama. Mshale uko kwenye 10. Tanga ni saa 10 alasiri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Magoti je?"

"Hayohayo tu."

"Mwambie kaka akupeleke Amboni Jumamosi. Lakini ule kwanza, mama, usiende na njaa. Na ukifika jimwagie miguuni, taratibu, ndipo upandishe."

"Maneno ya bibi yako hayo," anasema.