Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa kemia, mzinga wa Fort Jesus na mahindi yaliyoenda vitani

Hii ni Jumatano iliyopita. Mimi nafundisha kemia katika shule ya sekondari kisiwani Mombasa, na nyumbani kwetu ni Likoni.

Saa 11 alfajiri

Niliamshwa na harufu ya uji wa Mama. Mama hapiki uji wa unga mkavu. Huuloweka unga wa mahindi siku mbili, akaufunika, ukachacha, ndipo auteleke. Nilimwamkia, nikamwomba kikombe kimoja cha ule uliochacha kabla haujaingia sufuriani.

"Wa nini tena?"

"Wa darasani, Mama. Leo nafundisha jinsi mahindi yalivyoingia vita vya baharini."

Akanitazama, akanimiminia, akaniambia niufunge vizuri usije ukanimwagikia kwenye feri.

Saa 12 na nusu

Feri ilijaa kama kawaida. Chupa nilikuwa nimeikumbatia kifuani.

Saa 2 na dakika 20, Kidato cha Nne

Vipindi viwili mfululizo. Nilianza kwa kupitisha kipande cha pamba chenye matone mawili ya dawa ya kutolea rangi ya kucha. Hakijafika dawati la tatu, wasichana wa nyuma wakasema kwa pamoja, "Saluni!" Kweli, ni asetoni. Ubaoni nikaandika jina lake la mtihani, propanoni, na chini yake swali: kwa nini mwaka 1915 jeshi la majini la Uingereza, lililokuwa kubwa kuliko yote duniani, lilikuwa linakitafuta kitu hiki usiku na mchana?

Kimya. Nikawaeleza.

Manowari za Waingereza zilipiga mizinga kwa baruti iitwayo kordaiti, iliyovumbuliwa mwaka 1889 na Frederick Abel na James Dewar. Haifuki moshi mzito kama baruti ya kale, kwa hiyo mpiga mzinga anaendelea kumwona adui baada ya kufyatua. Ndani yake mna nitrogliserini na pamba iliyopitishwa kwenye asidi ya nitriki. Viwili hivyo havishikani vyenyewe. Asetoni ndiyo huvilainisha vikawa kinyunya kimoja, kikakamuliwa kwenye matundu kikatoka nyuzi kama tambi. Asetoni yenyewe haibaki. Hukaushwa ikaruka, kama inavyoruka kwenye kucha. Ila bila yake hakuna kinyunya, na bila kinyunya manowari ni chuma kinachoelea.

Kabla ya vita asetoni ilitokana na kuni zilizokaangwa ndani ya matanuri yaliyozibwa, na nyingi Uingereza iliinunua ng'ambo, hasa Marekani. Vita ya 1914 ilipoanza, makombora yakawa yanapigwa kwa wingi ambao hakuna aliyeukadiria. Jeshi la nchi kavu likabuni kordaiti ya namna nyingine isiyohitaji asetoni. Wanamaji hawakuitaka. Baruti yao hukaa muda mrefu ndani ya ghala la meli, chini ya miguu ya mabaharia, na ikiharibika humo meli nzima inakwenda nayo. Wao walitaka ileile waliyoizoea.

Hapo ndipo nikamleta mtu wangu. Chaim Weizmann, aliyezaliwa 1874 katika kijiji cha Motal, wakati huo kikiwa chini ya Urusi. Alisoma Ujerumani na Uswisi, akafika Manchester 1904 akiwa mgeni, akawa mhadhiri wa kemia chuoni hapo, na mwaka 1910 akapata uraia wa Uingereza. Baruti haikuwa kazi yake. Alikuwa akitafuta njia ya kutengeneza mpira wa viwandani, na kwa ajili hiyo alitaka butanoli, aina ya alkoholi. Akawa anasaka bakteria atakayeigeuza wanga kuwa butanoli. Njia yake nawapenda wanafunzi waijue: aliwapasha moto bakteria wake mara kwa mara, dhaifu wakafa, na wale wenye mbegu ngumu zinazostahimili joto wakabaki. Akawaotesha hao, akawapasha moto tena. Mwishowe akampata mmoja, ambaye baadaye aliitwa Clostridium acetobutylicum, anayekula wanga wa mahindi mahali pasipo na hewa na kutoa sehemu 6 za butanoli, 3 za asetoni na 1 ya ethanoli.

Asetoni ile kwake ilikuwa makapi. Alichokitaka ni butanoli.

Nikaifungua chupa ya Mama, nikaipitisha. Kuna kijana wa kutoka Kilifi, babu yake ni mgema. Akanusa akasema, "Mwalimu, hii ni kama mnazi uliolala." Nikamwambia amesema vizuri, halafu nikamwuliza tofauti. Akafikiri. Mnazi una sukari tayari, akasema, mahindi hayana. Sawasawa! Hamira ya kwenye mnazi inakula sukari. Bakteria wa Weizmann anaukamata wanga wenyewe. Na kwenye mtungi wa Mama wamo bakteria wengine kabisa, wanaotoa asidi, ndiyo sababu uji unakuwa na ukali. Kijana yule hajawahi kuzidi alama 40 kwangu.

Dakika 15 za mwisho nilizitumia kwa mkutano. Vita ilipoanza, kwa kumbukumbu za Weizmann mwenyewe, Wizara ya Vita iliwataka wanasayansi waripoti lolote linaloweza kufaa. Akaandika kuhusu uchachushaji wake, akautoa bure. Hakujibiwa. Baadaye akatembelewa maabarani na William Rintoul, mkemia wa kampuni ya baruti ya Nobel huko Uskoti, Rintoul akaonyeshwa majaribio, akaona mara moja alichokuwa amekikalia mwalimu huyu. Kampuni ikataka kuichukua kazi hiyo, kisha ikatokea ajali ya mlipuko kiwandani kwao wakashindwa. Ndipo habari zikafika kwa Frederic Nathan, mshauri wa wanamaji kuhusu kordaiti, na Weizmann akaitwa London, Admiralti, makao ya wakuu wa jeshi la majini.

Nilimsimamisha binti mmoja awe Winston Churchill, waziri wa jeshi la majini wakati ule, na mwingine awe Weizmann. Churchill, kama Weizmann alivyosimulia, hakuzunguka: tunahitaji tani 30,000 za asetoni, unaweza kuzitengeneza? Ubaoni upande mmoja niliandika tani 30,000. Upande wa pili nikaandika kiasi alichowahi kukitoa kwa mkupuo mmoja: mililita mia chache. Kisha nikawaambia wapige hesabu kwa trela zinazotoka bandarini kwetu, kila moja tani 28. Zikawa trela zaidi ya 1,000.

"Sasa mjibu," nikamwambia Weizmann wangu.

Akasita. Akasema, "Nitamwambia naweza, halafu nikatafute njia."

Weizmann halisi hakujibu hivyo, na kwangu jibu lake ndilo somo lote la siku ile. Alisema yeye ni mtafiti wa maabara tu, si mjenzi wa viwanda. Lakini akipewa mahali pa kutengeneza tani moja, basi wajenzi wanaweza kuizidisha. Na kutakuwa na taabu kubwa, kwa sababu kazi hii haivumilii bakteria mgeni kuingia. Aliwaambia alichonacho na asichonacho. Wakamtafutia kiwanda cha pombe kali cha Nicholson huko Bromley-by-Bow, mashariki mwa London, akajaribie humo.

Kengele ikalia. Hakuna aliyeinuka haraka.

Saa 4, chai

Mahamri na mbaazi chumba cha walimu. Mwenzangu wa historia aliniuliza tarehe za ule mkutano. Nikamwambia Weizmann aliweka 1916. Akatikisa kichwa. Churchill aliondolewa Admiralti Mei 1915, baada ya shambulio la wanamaji kushindwa huko Dardanelles, Uturuki. Kama walikutana akiwa bado waziri, lazima iwe kabla ya hapo. Ana haki. Mtu anayeandika kumbukumbu akiwa mzee huikumbuka sauti ya chumba vizuri kuliko kalenda. Niliirekebisha palepale kwenye maandalizi yangu, na kesho yake nikawarekebishia wanafunzi.

Akanionya pia kuhusu hadithi ya Lloyd George, aliyekuwa waziri wa silaha, kwamba Azimio la Balfour la 2 Novemba 1917, ambamo Uingereza iliahidi kuunga mkono makao ya kitaifa ya Wayahudi huko Palestina, lilikuwa zawadi kwa Weizmann, Myahudi aliyeipigania ahadi hiyo, kwa ajili ya asetoni. Wanahistoria hawaikubali. Uingereza ilikuwa na hesabu zake za vita na za himaya. "Lakini wanafunzi watakuuliza," akasema. "Jiandae."

Saa 6 mchana, Fort Jesus

Tulitembea kwa miguu, 38, jua limesimama utosini. Mzee mmoja anayetembeza wageni pale alitupokea, tukamwamkia, akatupeleka kwenye mizinga miwili niliyoifuata: mmoja wa manowari ya Kijerumani Königsberg, mmoja wa Pegasus ya Waingereza.

Vijana wameipita mizinga hii tangu utotoni. Hakuna aliyejua kwamba ilipigana yenyewe kwa yenyewe. Tarehe 20 Septemba 1914 Pegasus ilikuwa bandarini Zanzibar ikitengenezwa mitambo, Königsberg ikatokea alfajiri ikaizamisha. Kisha Königsberg ikajificha kwenye delta ya Rufiji. Kuitafuta mle mikokoni wanamaji waliwachukua raia: Dennis Cutler, rubani wa Durban mwenye ndege yake ya kutua majini, na Pretorius, mwindaji wa tembo aliyeijua Rufiji kama kwake. Julai 1915 meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, ziliingia mtoni zikaipiga hadi nahodha wake akaizamisha mwenyewe. Wajerumani wakaitoa mizinga yake 10 wakaikokotesha nchi kavu.

Msichana mmoja akaweka kiganja kwenye mtutu wa Pegasus. "Kwa hiyo humu ndimo mlimopita mahindi?"

Ilinibidi niseme hapana. Pegasus ilizama mwaka 1914, na hata Rufiji mwaka 1915 kordaiti ile bado ilikuwa ya asetoni ya kuni. Mahindi yalikuja baadaye, mitambo ilipojengwa katika kiwanda cha wanamaji cha Holton Heath, pwani ya kusini ya Uingereza, na kwenye viwanda vya pombe vilivyogeuzwa. Nilitamani kusema ndiyo. Ingependeza. Lakini nisingeweza kumdanganya mtoto mbele ya mzinga wenyewe.

Mzee wetu naye akaongeza ambalo sikulipanga: kwamba mizinga ile ya nchi kavu na risasi zake zilikuwa na watu wa kuzibeba, na watu hao ni babu zetu. Wapagazi waliochukuliwa na Waingereza peke yao walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebeba jina la kikosi chao, Carrier Corps. Hao hakuna aliyewaita ofisini akawauliza kama wanaweza.

Saa 8, kivulini

Viazi karai na juisi ya ukwaju. Hapo ndipo maswali yalipokuja, maana darasani watoto huogopa.

La kwanza, kuhusu watoto wenzao. Niliwasimulia kwamba mwaka 1917 nyambizi za Kijerumani zilizamisha meli nyingi za nafaka, mahindi yakawa adimu, na serikali ikawaomba watoto wa shule Uingereza waokote kokwa za mti mmoja wa huko zisizoliwa na watu. Hawakuambiwa za nini, adui asije akajua. Wakaokota kwa magunia, zikarundikana vituo vya reli, nyingi zikaoza. Tani 3,000 hivi zilifika kiwanda cha King's Lynn, na asetoni iliyotoka ikawa haba. Kiwanda kikafungwa mwaka 1918. Kazi kubwa ilikuwa imeshahamia Kanada na Marekani, kwenye mahindi tele. "Wangeambiwa," akasema mmoja, "pengine wasingeokota." Mwingine akasema wangeokota zaidi. Walibishana muda mrefu, nikawaacha.

La pili lilikuwa lile nililoonywa. "Mwalimu, huyu si ndiye aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Israeli?" Ndiye, mwaka 1949. "Na Wapalestina waliulizwa?" Nikasema hawakuulizwa, azimio la 1917 liliandikwa London kuhusu nchi ambayo wengi wa wakazi wake walikuwa Waarabu. Nikawaeleza pia aliyoniambia mwalimu wa historia, kwamba asetoni haikuinunua Palestina. Na nikawaambia la kwetu: mwaka 1903 Waingereza walijitolea kuwapa Wazayuni, yaani Wayahudi waliotafuta nchi yao wenyewe, ardhi ya Uasin Gishu, huku Kenya, na Weizmann alikuwa miongoni mwa walioupinga mpango huo. Watu wa Uasin Gishu nao hawakuulizwa.

La tatu liliulizwa na kijana wa Kilifi, taratibu, akiwa ameinamia sahani. "Yeye alitafuta mpira, wakamwambia afanye baruti. Hakuweza kukataa?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwambia Weizmann alijitolea mwenyewe, kwa hiari, kwa nchi iliyompa uraia, na pia alikuwa na hoja yake ya kisiasa ya kuwa karibu na wakubwa. Nikamwambia vilevile kwamba katika vita iliyofuata mwanawe Michael, rubani wa Uingereza, alipotelea baharini mwaka 1942. Kijana akanyamaza, akaniuliza mimi ningefanyaje. Nikasema sijui, na kwamba ningetaka kwanza kujua asetoni yangu inakwenda kwenye mzinga upi, na nani yuko upande wa pili.

Saa 10 na nusu

Kurudi shuleni, kuhesabu vichwa, kusahihisha madaftari. 38 wote.

Saa 1 na nusu usiku

Nikiwa jikoni naosha chupa ya Mama, simu ikalia ujumbe. Kijana wa Kilifi, kupitia simu ya dadake: "Mwalimu, pale kiwanda cha pombe, bakteria wa nje waliwazuiaje na mapipa ni makubwa vile?"

Nikafuta mikono, nikakaa kwenye kigoda. Ndilo swali lililomchosha Weizmann pia, kwa sababu vyombo vya pombe havikujengwa kwa usafi wa kiasi hicho. Nikamwandikia habari za mvuke: kwamba waliupitisha kwenye mapipa, mabomba na vali zote hadi kila kilicho hai kikafa, kisha ndipo wakaingiza mbegu ya bakteria wao. Akajibu, "Na kama vali moja inavuja?"

Nikaanza kuandika tena.