Mola wa Mashariki Mbili: Tafakari ya Ijumaa, Wiki ya Juni 21

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu katika imani.

Wiki hii jua limefika mwisho wa safari yake ya kaskazini. Ukiwa Kampala au Masaka, litazame linapochomoza: limesogea digrii 23 na ushei kushoto mwa mashariki halisi. Desemba litachomoza kulia kwake kwa kiasi hichohicho, na kati ya vituo hivyo viwili pana digrii 47. Katika Surat Ar-Rahman, aya ya 17, Mwenyezi Mungu anajitaja kuwa Mola wa mashariki mbili na Mola wa magharibi mbili, na wafasiri wengi wamesema ni mawio na machweo ya kiangazi na ya kipupwe. Aya hii twaweza kuipima kwa macho yetu, tukiwa uani.

Dunia hulizunguka jua ikiwa imeinama. Mhimili wake umelala digrii 23.4 kutoka wima, na mwaka mzima huelekea upande uleule. Kwa hiyo Juni upande wa kaskazini huliinamia jua, na Desemba huwa zamu ya kusini. Wengi wetu, hata waliosoma, hudhani joto huja dunia inapolikaribia jua. Sivyo kabisa. Tunakuwa karibu zaidi mwanzoni mwa Januari, kilomita milioni 147 hivi, na mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, milioni 152. Ndiyo kusema London hutetemeka kwa baridi wakati jua liko karibu!

Kazi yote inafanywa na pembe. Imulike meza kwa tochi ukiishika wima, kisha ilaze mpaka digrii 30: mwanga uleule unatandaa mara mbili ya eneo, na nguvu yake inabaki nusu. London mwezi Desemba, jua la adhuhuri huinuka digrii 15 tu, kwa hiyo ardhi hupata kama robo ya nguvu ambayo ingepata jua likiwa utosini, tena kwa mchana wa saa nane. Kwetu Kampala jua la adhuhuri halishuki chini ya digrii 66. Nguvu inayopotea haifiki hata sehemu moja ya kumi, na mchana hauachi kuwa wa saa 12 na dakika chache. Ndugu zetu wa London Ramadhani ikiwaangukia Juni hufunga zaidi ya saa 18. Sisi ni saa 13 na kitu, mwaka wowote. Tushukuru, na tuwaombee.

Majira yetu basi ni ya mvua, nayo pia hufuata jua. Pale jua linapopiga wima, hewa hupata moto na kupanda, na pepo zenye unyevu kutoka kaskazini na kusini hukutana hapo. Jua huvuka ikweta karibu na Machi 20 na Septemba 22, na mvua huja nyuma yake kwa majuma kadhaa, kwa sababu nchi kavu na bahari havipati joto kwa siku moja. Ndiyo masika ya Machi hadi Mei, na mvua za Septemba hadi Novemba. Sasa ukanda huo wa mvua umehamia kaskazini: Masaka kumekauka, Yumbe na Arua wako katikati ya msimu wao mmoja mrefu.

Nataka tukae zaidi kwenye kivuli, maana kinagusa swala zetu. Surat Al-Furqan, aya ya 45, yatuambia tutazame jinsi Mola alivyokitandaza kivuli, na jua likafanywa kielekezi chake. Na swala, kama isemavyo An-Nisaa aya ya 103, imewekewa nyakati maalumu.

Chukua kijiti kilichonyooka cha mita 1. Sawazisha ardhi kwa pima maji, na kijiti ukisimamishe kwa timazi, kwa sababu kikiinama digrii 2 tu ncha ya kivuli hukimbia sentimita tatu na nusu. Chora duara la nusu kipenyo cha sentimita 60 kukizunguka. Weka alama pale ncha ya kivuli inapoingia duarani kabla ya adhuhuri, na nyingine inapotoka baadaye. Nusu ya njia kati ya alama hizo, piga mstari hadi kwenye kijiti: huo ni mstari wa kaskazini na kusini. Kesho yake kivuli kikilala juu ya mstari huo, jua limefika kilele. Kikiuacha tu, zawali imeingia. Kampala wiki hii ni kama saa 6:52 mchana. Si saa sita kamili, kwa kuwa saa zetu hufuata longitudo ya 45 nasi tuko karibu na 32.6, na kila digrii ni dakika 4.

Pima kivuli hicho cha kilele. Kampala kitakuwa sentimita 43 kuelekea kusini. Yumbe ni kama 36. Hapa ndipo watu hukosea. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, alasiri huingia kivuli kinapokuwa sawa na urefu wa kitu, *pamoja na* kivuli cha kilele. Machi 20 Kampala kivuli hicho karibu hakipo, kwa hiyo sentimita 100 zinatosha. Leo zinatakiwa 143. Aliyezoea hesabu ya Machi akiitumia Juni ataadhini kama saa 9:31, dakika 45 hivi kabla ya wakati wenyewe, ambao ni saa 10:17. Swala iliyoswaliwa kabla ya wakati haisihi, basi jambo hili si dogo. (Wanaokwenda Kayabwe, inapopita ikweta, kuonyeshwa maji yakizunguka kwenye beseni, waangalie na kivuli pia. Beseni ni dogo mno kuathiriwa na mzunguko wa dunia, kivuli hakidanganyi.)

Mwinamo huohuo unatupa zawadi nyingine. Makka iko digrii 21.4 kaskazini, ndani ya mipaka ya safari ya jua, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka jua husimama juu ya Kaaba: Mei 27 au 28, na Julai 15 au 16. Ile ya Mei imepita. Ya Julai itakuwa saa 6:27 mchana, na saa ya Makka ni sawa na yetu. Dakika hiyo kijiti chako cha mita 1 kitatoa kivuli cha sentimita 41 hivi, na ukisimama kwenye ncha yake ukakitazama kijiti, umeelekea kibla. Kampala ni digrii 18 kutoka kaskazini kuelekea mashariki. Dira huvutwa na nondo za zege na mabati, njia hii haivutwi na kitu. Sharti ni saa iwe sahihi: ikikosea dakika 10, kibla kinapotoka kama digrii 6. Mawingu yakiziba, rudia kesho yake dakika ileile, kosa halifiki nusu digrii.