Die, mji wa mvinyo usioongezewa sukari

Jioni hii mawazo yangu yako Die, mji mdogo wa mkoa wa Drôme, kusini-mashariki mwa Ufaransa, chini ya majabali ya Glandasse. Warumi waliuita Dea Augusta Vocontiorum. Sehemu kubwa ya ukuta wao bado imesimama, na ukiutazama kwa karibu unaona mawe yaliyochongwa yaliyochukuliwa kutoka majengo ya zamani zaidi.

Huniuma kusikia Clairette de Die, mvinyo wa mapovu wa huko, ikiitwa shampeni ya bei nafuu. Shampeni huachwa ichachuke kwanza, halafu hutiwa sukari na hamira kwenye chupa ili itoe mapovu. Clairette ya asili haiongezewi sukari hata chembe. Yote ni ya zabibu zenyewe, angalau asilimia 75 aina ya Muscat ya punje ndogo, zilizobaki aina ya zabibu iitwayo pia Clairette.

Maji ya zabibu hupozwa mara tu yanapokamuliwa, yatuame na hamira isiamke kwa pupa. Huchachuka taratibu kwenye tangi la baridi, yakichujwa ili hamira ipungue pamoja na virutubisho vyake. Sukari ikiwa bado nyingi, mvinyo hutiwa kwenye chupa na kulazwa ghalani, nyuzi 12 hivi, kwa miezi isiyopungua 4. Hamira iliyosalia hula sukari, na gesi ikikosa pa kutokea huyeyuka humo humo.

Kuchuja ndiko kunakotaka ufundi. Ukizidisha, hamira huishiwa nguvu na mvinyo hubaki mtamu, umepooza, hauna povu. Ukipunguza mno, au ghala likipata joto, sukari huliwa kupita kiasi, utamu hutoweka na chupa zinaweza kupasuka. Kazi ikienda sawa, uchachukaji husimama wenyewe, alkoholi ikiwa asilimia 7 hadi 9. Hapo mvinyo hutolewa kwenye chupa bila kuachia mgandamizo, huchujwa machicha, kisha hurudishwa kwenye chupa safi.

Unywe ungali mchanga, kwenye nyuzi 6 hadi 8. Kuuweka miaka ni kuupotezea harufu ya Muscat, na harufu hiyo ndiyo roho yake.

Lebo isomwe vizuri. Clairette de Die ilipata hadhi ya jina linalolindwa mwaka 1942, na mtamu wa asili huandikwa “méthode ancestrale”, yaani njia ya mababu. Crémant de Die, iliyotambuliwa mwaka 1993, ni mvinyo mwingine wa mapovu: zabibu zake nyingi ni Clairette, hutengenezwa kwa njia ya Champagne, na kwa kawaida ni mkavu.